Fimbo ya Kuvulia Samoni

Shikamoo Mama,

Huku Johannesburg baridi inauma na bahari hakuna, kwa hiyo mkweo, mume wa Dada, kanipeleka dukani kuchagua fimbo ya kuvulia samoni. Mtaalamu wetu anataka kuvua kwa waya unaoburutwa nyuma ya boti, na waya eti hukata pete za fimbo za kawaida. Akadai pete zenye vigurudumu na rili pana ya chuma ya kuzungushia huo waya. Boti hana. Samaki niliowahi kumwona nao ni wa kopo.

Muuzaji akamuuliza, "Eish, samoni wa wapi huku?"

"Kanada," akasema. "Tunahamia."

Dada hajaambiwa. Yuko nyumbani Turffontein anachagua mapazia mapya.

Njoo uwaone wajukuu, Mama, wakati bado wanafikika kwa basi.

Mwanao, Zuhura