Maziwa ya Siku ya Tatu

Mama Rebeka,

Leo walinisimamisha mbele ya kanisa zima. Mimi Kahindo wako, nimevaa kile kikwembe cha maua ya bluu ulichokuwa ukinitania kwamba kinanifanya mke wa mkubwa. Nilikivaa makusudi. Muzee Zakaria alitaka nije kichwa chini, nitubu kwamba mimi ndiye niliyesababisha kifo chako. Sikutubu. Nimerudi nyumbani, nikachukua daftari uliloniachia, lile la majina ya wagonjwa tunaowaombea, na humu ndimo ninamokuandikia.

Ngoja nikueleze vizuri, maana wewe uliondoka kabla mambo hayajaharibika.

Unajua kwamba daktari alipokurudisha nyumbani, sisi kina mama wa maombi ya Alhamisi tulikubaliana kufunga siku tatu kwa ajili yako, bila kula, bila hata tone la maji, mpaka Jumamosi jua lizame. Muzee Zakaria, kama mzee wa kanisa, alitukumbusha fundisho lake: kufunga pamoja ni kamba moja, akiachia mmoja, mzigo unaanguka. Niliamini. Nilifunga kwa moyo wangu wote. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka upone.

Jumamosi asubuhi ilikuwa zamu yangu kukaa nawe. Wengine walikuwa kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi, wanafyeka majani kando ya barabara, pamoja na njaa yao. Siku nyingi ulikuwa umekataa kila kitu, hata uji. Halafu ukafungua macho, ukaomba maziwa. Estere, mke wa mwanao, akaleta kibuyu, akakumiminia kikombe. Ulionja kidogo tu. Kikombe ukanisogezea mimi.

Nikasema nimefunga, tena nimefunga kwa ajili yako. Ulinitazama mpaka nikaona haya. Ukasema: "Kunywa, mutoto yangu. Miye naenda, na sipendi kunywa peke yangu. Nikifika kule, nitamuelezea Mungu miye mwenyewe."

Wewe ni mtu wa ng'ombe, na kwa miaka niliyokaa Bunia nimejifunza kwamba kwenu, kukataa maziwa kutoka mkononi mwa mgonjwa ni kumkataa yeye mwenyewe. Na mimi nilikulia Butembo, kwa bukari, ugali wetu, na maharagi. Yale maziwa yenu yenye harufu ya moshi wa kibuyu yalinishinda tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nikiyamwaga nyuma ya jiko lako, nikidhani huoni. Mpaka siku ulipowaambia wageni, mbele yangu, kwamba majani ya nyuma ya jiko lako yamenenepa kuliko ndama. Nilitamani ardhi inimeze.

Siku ile niliyanywa yote. Niliyanywa na machozi, pua imeziba, na wewe ukacheka. Kicheko chako cha mwisho nilikisikia mimi. Kesho yake, kabla hawajagonga ile rimu ya lori inayotuita kanisani, ulikuwa umeenda.

Estere aliniona nikinywa. Siku ya tatu ya matanga, katikati ya kilio chake, akasema. Simlaumu kwa kusema kweli. Lakini tangu saa ile hakuna aliyekaa nami kwenye mkeka mmoja. Wanawake niliowashika mikono Alhamisi baada ya Alhamisi wakaanza kuniamkia kwa mbali. Nikatolewa katika maombi. Nikaambiwa nisikaribie Meza ya Bwana mpaka nitubu. Mama Elizabeti, ambaye tulimuombea mtoto wake wiki mbili, akaniuliza sokoni kama nalala vizuri.

Silali vizuri. Ninakukosa, Mama. Nafika kwenye njia panda ya kwenu Mbunya, miguu inataka kukata kushoto yenyewe.

Muzee Zakaria si mtu mbaya, wewe unamjua. Alibeba jeneza lako upande wa kichwa na hakutaka kupokewa njia nzima. Alilia mpaka akakosa sauti ya kuhubiri. Lakini tulifunga, tuliomba, na ulikufa. Sasa anatafuta mtu wa kumbebesha kifo hicho, kwa sababu anaogopa kukipeleka kwa Mungu. Akaniona mimi na kikombe changu.

Mimi nilikipeleka kwa Mungu. Usinishangae, ni wewe uliyenifundisha. Nilipofika hapa nilikuwa ninaomba kwa maneno mazuri niliyoyakariri, mikono imefungwa, na ndani hakuna kitu. Siku moja ulinikatiza katikati ya sala. Katikati kabisa! "Kahindo, weye unaomba sawa muntu anaandika barua ya kutafuta kazi. Mungu haiko komisere, mukubwa wa serikali. Sema naye sawa muntu wa kwako." Nilikasirika juma zima. Baadaye nikajaribu, jikoni, nikichambua majani ya muhogo ya sombe, na kwa mara ya kwanza nikasikia kwamba kuna anayenisikiliza.

Baada ya matanga sikuweza tena. Nilipiga magoti, mdomo ukawa mkavu. Nilifikiri labda wana haki, labda kweli amenigeuzia mgongo kwa ajili ya kikombe kimoja. Hilo ndilo lililoniogopesha, Mama, kuliko mkeka mtupu na kuliko Meza ya Bwana. Kanisa wakinifukuza, nitalia, nitapona. Lakini Yeye, kama ameondoka, nitaongea na nani?

Alhamisi iliyopita, saa tisa, saa yetu, walipokuwa wanaimba bila mimi na sauti zao zinafika mpaka kwangu, nilifunga mlango wa jiko nikagombana naye. Sikupiga magoti. Nilisimama, mwiko mkononi. Nikamwambia: "Ulimchukua. Tulikuomba siku tatu na ukamchukua. Kama ni kwa ajili ya maziwa, niambie wewe mwenyewe, usinitumie wazee. Na kama wewe ni wa kumuua mama kwa sababu ya kikombe, basi simjui huyo, si yule niliyefundishwa na Rebeka." Nilisema maneno mengine ambayo sitayaandika humu. Nililia, nikapiga meza, nikamuuliza kwa nini, nikamuuliza tena. Sombe iliungua kabisa.

Hakunijibu. Lakini nilipokaa chini nimechoka, nikagundua kwamba saa nzima nilikuwa ninaongea naye na sikutumia neno hata moja la kukariri. Alikuwa pale. Nilijua alikuwa pale kama nilivyokuwa ninajua uko chumba cha pili, hata ukinyamaza. Mtu aliyekugeuzia mgongo huwezi kugombana naye hivyo.

Kwa hiyo leo waliponisimamisha sikuogopa. Niseme kweli, niliogopa. Muzee Zakaria akasema, "Dada yetu iko na neno ya kutubu." Nikasema nina neno. Nikasema: "Nilikunywa. Mama Rebeka alinipa mwenyewe na nilikunywa kikombe chote. Nina dhambi zangu nyingi, naomba mniombee kwa hizo. Ile si dhambi. Akinipa leo, nitakunywa tena." Muzee Zakaria akasema kwamba nitabaki nje ya Meza. Nikamwambia asante, nikarudi kukaa. Nilikaa benchi la mbele, Mama. Sikwenda nyuma.

Sasa sikia hili, ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Nilipofika nyumbani sikukaa muda, mlango ukabishwa. Estere. Amebeba kibuyu chako, kile chenye ufa kwenye shingo, kimejaa. Sikumkaribisha. Nilikuwa na hasira naye bado, nakuambia wazi. Tukasimama hivyo mlangoni, yeye ananinyooshea kibuyu kwa mikono miwili.

Nilikipokea. Nikanywa palepale kizingitini, majirani wakiangalia, kisha nikampa, naye akanywa. Bado yananuka moshi. Bado siyapendi. Estere akauliza kwa sauti ndogo kama Alhamisi anaweza kuja. Nikamwambia saa tisa, na asichelewe.

Basi lala, Mama yangu. Nakuahidi: Alhamisi jiko langu litakuwa wazi, tukiwa wawili tu ni sawa. Majina ya daftari hili nitayasoma yote, na nitasema naye kama mtu wa kwangu, hata siku nikiwa na hasira, hasa siku hizo. Hakuna mzee atakayenifundisha tena kumuogopa kuliko kumpenda.

Ulisema ukifika utamwelezea Mungu. Huku nimeshawaelezea watu, tena kwa sauti kubwa. Yangu nimemaliza. Na wewe usisahau ya kwako.

Mtoto wako,
Kahindo