Mchana Tuliotumwa Kukata Nyasi

Mdogo wangu Mugisha,

Sijui kama namwandikia mtu mzima mwenye ndevu zake au namwandikia marehemu. Naandika hadharani hivi kwa kuwa anwani yako sina, na huko visiwani nilikokwenda kukuulizia hakuna aliyenipa hata pa kuanzia. Mzee mmoja mwaloni, mitumbwi ya wavuvi inakotia nanga, alicheka aliponisikia nikitaja jina lako lote, la ubatizo na la ukoo. "Mama, huku majina ya nyumbani watu huyaacha ng'ambo," akaniambia. "Wewe sema, kwenye mtumbwi anaitwaje?" Ningejuaje?

Unayakumbuka mapumziko ya mchana pale shuleni kwetu Ijumbi? Mapumziko gani yale! Kengele ikigongwa, kila mtoto anaomba asionekane na mwalimu wa zamu. Darasa la sita, maji ya walimu. Darasa la nne, kuni kwa mwalimu mkuu. Ninyi wadogo wa darasa la pili, samadi kwenye migomba ya shule, na mikono hiyohiyo ndiyo ya kushikia kalamu saa nane. Wewe mjanja ulijificha chooni mpaka wenzako wamalize kupangiwa kazi, halafu unatoka unanuka, tunatimua mbio nyumbani, mimi nakucheka njia nzima.

Hatukukwepa kwa uvivu, wewe unajua. Baba tulikuwa tumeshamzika, na mama alikuwa kitandani. Siku zile ukimwi watu waliuita Juliana, kwa jina la mashati waliyokuwa wakiyaleta kutoka Uganda wafanyabiashara kama baba. Mchana ndio ulikuwa wakati wetu wa kumgeuza mama, kumnywesha uji na kumfulia nguo. Tukichelewa, alikaa na kiu mpaka jioni, kwa sababu kikombe hakuweza kukinyanyua mwenyewe.

Asubuhi ile alikunywa maji kidogo, akakuvuta sikio kwa vidole vyake vile vilivyokuwa vimebaki mifupa, akasema, "Mchana msichelewe, waitu, wanangu." Ukamjibu kwamba wewe unakimbia kuliko mimi. Tukaufunga mlango, tukaenda.

Mchana mwalimu wa zamu alikuwa amesimama mbele ya vyoo. Nikajua tumekwisha. "Leo hakuna wa kukwepa," akasema. "Kuna msiba. Wote rweyani, mkakate nyasi." Basi tukapanda huko rweyani, kwenye majani ya wazi juu ya mashamba. Nyasi zilitandikwa nyumbani kwa wafiwa ili waombolezaji wapate pa kukaa na pa kulala, na waliopaswa kuzikata, vijana wenye nguvu zao, ndio hao tuliokuwa tukiwazika. Kazi ikatuangukia sisi watoto. Hatukuuliza amefariki nani. Misiba ilikuwa mingi mno hata kuuliza tulichoka. Ulimfuata tu aliyekutangulia.

Nilimwendea yule mwalimu nikamwambia, "Mwalimu, mama yetu ni mgonjwa, naomba ruhusa tumpelekee maji." Nilijikaza nikingoja kofi. Akaangalia viatu vyake. "Nenda na wenzako, Koku," akasema. Hakuwa amewahi kuniita kwa jina mtu yule! Kisha akaja kwako, akachukua mzigo wako wa nyasi, akaupunguza nusu, nusu nyingine akaibeba yeye begani. Mimi, Mungu anisamehe, nikafikiri amekunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi.

Tukashuka kwa mstari. Kwa kawaida tuliimba, siku hiyo alitukataza. Tukapita kanisa la kigango, tukapita kisimani, halafu nikaona vichwa vya mbele vinakata kona kwenye mibuni yetu. Wewe ukaruka kwa furaha. "Dada, wanapita kwetu! Tuchomoke tumpe mama uji!" Ulifurahi, Mugisha. Mimi nilikuwa nimeshaona watu uwanjani, na jirani yetu Ma Yustina amejifunga kanga kiunoni, anawapokea watu nyasi. Nikakushika shati. "Niache bwana, tunachelewa!" ukaniambia, ukaniponyoka ukawapita wote, ukawa wa kwanza kufika na nyasi za msiba wa mama yako.

Nimezaa, nimezika mume, na bado hakuna kilichoniumiza kama mtoto yule aliyekuwa akiruka na kitita chake kichwani.

Hukulia. Ulimrudia mwalimu ukamng'ata mkono mpaka damu ikatoka, unapiga kelele, "Alikuwa anatungoja! Alikuwa anatungoja!" Hakukupiga. Aliuacha mkono wake kwenye meno yako mpaka wanaume wakakutoa.

Msiba ulipokwisha wazee wa ukoo wakatugawa, mimi kwa shangazi kule Kashozi, wewe kwa baba mdogo kule Kanazi. Nilipokuja kukuona Pasaka ulikuwa umekonda na umegoma shule kabisa. Mke wa baba mdogo akakusema mbele yangu, "Yatima hadeki." Ukaniita nyuma ya jiko, ukaniambia kwa sauti ya mtu mzima, "Shule ilimuua mama kwa kiu. Mimi humo sirudi." Hata mimi niliamini hivyo. Hata ndevu hazijaota ukapanda gari la wachuuzi wa samaki, ukaenda ziwani. Hiyo ndiyo habari yako ya mwisho niliyo nayo. Mwalimu yule naye hakukaa sana. Nilisikia wanafunzi walimkatia nyasi za msiba.

Sasa sikiliza kilichonifanya nikuandikie. Mwaka huu nilikwenda Ijumbi nikamkuta Ma Yustina yuko hai, macho yameingia ukungu lakini maneno anayo. Nikamuuliza kama mama aliteseka sana mchana ule akitungoja. Akashtuka. "Mchana upi, mwanangu? Kwani hamkuambiwa? Mama yenu alikata roho mlipotoka tu. Hamjafika hata barabarani. Nilikuja kumwangalia, nikamfumba macho mwenyewe." Akaniambia alituma mtu shuleni saa hiyohiyo. Mwalimu akajibu kwamba hana mdomo wa kuwatamkia watoto neno kama lile. Watulie darasani asubuhi hiyo, yeye atawaleta mchana pamoja na wenzao.

Nilidhani siku nikijua ukweli nitapumua. Sijapumua, mdogo wangu. Miaka yote hii, popote ulipokuwa, nilijua kuna kitu tunacho pamoja, ile chuki yetu juu ya mwalimu mmoja na kazi zake za mchana. Sasa hata hiyo sina. Ninachukia nini? Maji yameshamwagika, na wa kumwambia simwoni.

Visiwani sirudi tena. Nimekwenda vya kutosha, nimetazama nyuso za wanaume wa watu mpaka wakanidhania kichaa. Miguu imechoka na matumaini yameniisha, afadhali niseme hivyo kuliko kukudanganya.

Ila kama uko mahali na hii imekufikia, basi isome taratibu. Mama hakufa na kiu, akiutazama mlango. Maji aliyokunywa mikononi mwetu asubuhi ndiyo yalikuwa ya mwisho, na hakuhitaji mengine. Hakuna aliyetuchelewesha. Hukuwa na sababu ya kuacha shule, Mugisha wangu, wala ya kwenda ziwani.

Ni mimi dada yako,
Koku