Nimeicheka Filamu, Sasa Naogopa Kwenda Kaburini

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba unisaidie kabla nyapara hajaniandika kazi ya kupogolea mikahawa, maana nikiandikwa sitakwenda tena nyumbani, najijua.

Mimi ni mtu wa Mbaha, kule ziwani, ila nipo huku milimani Maguu kwenye shamba la mtu, nachuma kahawa, napalilia, nabeba magunia, mgongo umekwisha. Masika iliyopita mtoto wetu wa pekee, Jacqueline, alishikwa na degedege akafa, shemeji yangu Egidi akanipigia simu hanipati kwa sababu huku shambani mtandao mpaka upande kilimani, na nilipopanda nikaambiwa wameshazika, nikakaa chini palepale, kisha nikashuka nikaendelea kupalilia, nikaona nikienda nitakwenda kumwona nani. Sikwenda. Kwa ukoo wetu mama akifiwa na mtoto mume akiwa mbali, halali kitandani mpaka mume afike, waende kaburini wote wawili, ndipo matanga yaondolewe, kwa hiyo mke wangu Benadetha analala kwenye mkeka tangu masika mpaka sasa kahawa imekwisha kuchumwa.

Hapa ndipo inapoingia filamu, usinicheke. Kuna kile kitabu cha Nimechelewa, Rehema, ambacho kila mtu alikisoma, hata kwetu kilifika kikiwa hakina jalada, na tulipooana Benadetha alinisomea chote kwa mwanga wa koroboi kwa sababu yeye alimaliza la saba na mimi niliishia la nne, na tulipofika pale baba anaporudi kutoka kazini mbali akakuta mwanawe amezikwa, akaanguka juu ya kaburi akamwambia mkewe, "Rehema, ardhi imemla mwanangu kabla sijambusu," tulilia wote wawili hadi mama yangu akagonga ukuta akidhani tumefiwa. Maneno hayo ninayo kichwani kama sala. Nilipanga siku nikienda nianguke vilevile niseme vilevile, kwa kuwa ya kwangu mwenyewe sina.

Jumapili wakaionyesha kwenye runinga, kitabu kimefanywa filamu, tukajaa kwenye kibanda cha video, mimi nimekaa mbele kabisa. Mshauri, ni aibu. Baba anatoka safari ya mbali na viatu vyeupe havina vumbi, kaburi ni rundo la mchanga kama wa kujengea, mwombolezaji mmoja anatutazama sisi watazamaji. Jamaa akaanguka taratibu asichafue shati, akaanza. Nazari, ambaye tunachuma naye mstari mmoja, akapiga kelele kutoka nyuma, "Jamani, huyo analia au anatafuta chafya?" Kibanda kizima kikaangua kicheko. Na mimi nilicheka, nilicheka mpaka mbavu zikauma, halafu nikasikia yale maneno yangu yanatoka kwenye kinywa cha yule mtu.

Nikatoka nikapanda kilimani nikampigia Benadetha. Naye alikuwa ameiona, kwenye runinga ya dukani kwa Pankras, kulekule nyumbani. Hakunisalimia. Alisema, "Baba Jaki, umemwona yule? Ukija kunifanyia vile juu ya mwanangu, bora ubaki hukohuko." Akakata.

Sasa maneno ya kitabu yameharibika na mengine sina. Nyapara Kilian ananiambia, "Rodrick, ukichelewa kujibu nachukua mwingine, watu wapo." Niende nikasimame pale kama gogo, au nibaki nimtume mtu aondoe matanga kwa niaba yangu?

Rodrick, Maguu

*

Baba Jacqueline,

Marahaba. Na pole kwa kufiwa na mtoto. Nadhani huko shambani hakuna aliyekupa pole ukaipokea, kwa hiyo ipokee hii kwanza.

Sasa nikuseme. Barua yako ina viatu vya mwigizaji, ina shati lake, ina hata mchanga wake. Kaburi la binti yako halimo, kwa sababu hujaliona. Filamu mbaya ikiisha watu wanakwenda kulala. Mkeo naye alikwenda kulala, mkekani! Tangu masika, baba, halafu unaniuliza habari za maneno. Nani amekuomba maneno? Benadetha hakukukataza kwenda. Amekukataza maigizo. Wewe umeichukua hasira yake ukaifanya ruhusa ya kubaki kwenye mikahawa.

Mlivyolia kwenye koroboi mlilia kweli, hilo silidharau. Ila aliyekiandika kitabu kile hakumjua Jacqueline. Ninyi wawili ndio mliomjua.

Kumtuma mtu, futa kabisa. Mjibu Kilian leo kwamba huandikwi. Kisha mpigie Egidi, umwambie siku utakayofika, ili wazee na katekista wajue. Ukifika usitangulie kuingia ndani. Mkute mkeo uani, mwambie, "Nimekuja, twende," basi, hayo yanatosha. Beba jembe. Kaburi limeota majani na sasa yamekauka. Yapalilie, kazi hiyo unaijua. Benadetha akilia mwache alie, akikutukana pokea, akikupiga simama hapohapo. Chozi lako lisipotoka usilikamue. Ukiona lazima useme kitu, muulize mtoto alikuwaje siku ile ya mwisho, halafu funga mdomo usikilize mpaka amalize. Habari hiyo amekaa nayo peke yake muda mrefu mno.

Na matanga yakiondolewa, usidhani atapanda kitandani usiku huo kwa sababu tu wazee wamesema. Asipopanda, usimbembeleze, na wewe usipande. Lala naye chini.