RAM Mpya na Jumamosi Saa Tisa

Dundori,
S.L.P. 418,
Nakuru.
14 Juni 2025

Mpendwa mpwa wangu Shiko,

Hujambo huko Perth? Unakula vizuri, ama bado ni mkate na chai kazini? Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linanisumbua baridi ikizidi, na wiki hii ukungu haujatuacha hata siku moja. Ng'ombe hawajambo.

Viazi tumevuna. Kikundi chetu cha wakulima kimenirudisha kwenye ukatibu bila kupiga kura, eti kwa sababu mimi ndiye mwenye kompyuta. Sijui kama ni sifa au adhabu.

Nakuandikia kwa laptop hiyo hiyo uliyoniachia ulipoondoka. Tangu Peterson, fundi wa hapa sokoni, aiongezee RAM, ile kumbukumbu inayoipa kasi, inawaka kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Haigandi tena. Nilipokutumia ujumbe kwamba imepona, ulijibu, "Hatimaye, Uncle! Sasa utapumzika." Leo ni Jumamosi ya tatu tangu siku hiyo, na hujapiga.

Sikulaumu. Una kazi na una familia. Lakini kuna jambo siwezi kukuambia nikikutazama usoni, ndiyo maana nimeamua kuandika.

Kila Jumamosi saa tisa ulikuwa ukiingia kwenye kompyuta yangu kutoka huko, tukiwa kwenye simu, nami naona kile kimshale kikitembea chenyewe kwenye skrini. Kisha inaganda, tunangoja. Katika kungoja huko ndipo uliponieleza kuhusu wagonjwa wako, nami nikakusimulia habari za shamba. Mara nyingine tulingoja saa nzima. Mimi sikuchoka hata kidogo.

Unakumbuka tulivyojadiliana kama ninunue RAM ya GB nane au kumi na sita? Ulinieleza vizuri kwamba kwa mtu wa kuandika mihtasari ya mikutano na kupiga simu ya video, nane inatosha. Nilikuelewa siku ile ile. Lakini kila ulipomaliza, nilisema labda kumi na sita, ili turudie wiki inayofuata.

Kuna baya zaidi. Uliniambia wazi ninunue RAM aina ya DDR4, nisikubali kuuziwa ile ya zamani ya DDR3 kwa kuwa haitaingia. Nilienda Nakuru mjini nikaomba DDR3 kwa mdomo wangu mwenyewe. Muuzaji aliniuliza mara mbili kama nina hakika, nikamwambia ninayo. Jumamosi hiyo ulinitania mpaka nikatokwa na machozi ya kicheko, na ukampa lawama muuzaji wa watu bure.

Basi Peterson akaja kununua maziwa, akaiona hiyo DDR3 mezani. "Hii haiwezi ingia hapo, mzee. Ni ya machine za kitambo," akasema. "Wacha nikubadilishie." Kesho yake alileta inayofaa, akaipachika kabla chai haijapoa. Nilimshukuru, ningefanya nini?

Tangu mama yako, dada yangu, atutoke, nyumba hii imekuwa kubwa sana. Siku nyingine sauti ya kwanza ninayoisikia ni yangu mwenyewe, nikiwafokea ng'ombe. Nina upweke, Shiko. Neno hilo sijawahi kumwambia mtu, hata pale kanisani wanapouliza nani ana haja ya maombi.

Sasa nakuomba kitu ambacho mtu wa umri wangu haombi kwa urahisi. Nipigie hata kama hakuna kilichoharibika.

Nisalimie mumeo Gachanja, na umbusu mwanenu Wawira mdogo kwa niaba yangu. Jirani yetu Nabalayo anakusalimu pia, anauliza kama huko kuna sukuma wiki. Mungu awafunike nyote, mtokapo na mrudipo.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye na kukukosa kila siku,

Muiruri