Nilisema Hudaiwi

Baba yangu, Tata, shikamoo.

Nimeandika hilo neno nikakaa naliangalia, maana nimezoea uitikie kabla sijalimaliza. Ungekuwa hai ningekuja nikae kwenye mkeka nikwambie haya huku nimeangalia chini. Sasa naandika. Mwanangu mdogo amelala mgongoni, dada yake Koku yuko kwa jirani, nina muda kidogo. Ukiona mwandiko umekwenda upande, ujue huyu wa mgongoni amejigeuza.

Nina jambo la aibu, Tata. Nimelichelewesha tangu siku tuliyokuzika.

Ulipokuwa hospitali uliniambia, "Kemilembe, wale akina mama wa Songambele uwaite kwa majina. Usingoje wajitokeze, wataona haya." Nikasema ndiyo, Tata. Ukarudia, "Kwa majina." Nikadhani ni homa inakurudisha nyuma. Kumbe ulikuwa unanijua.

Wako saba. Maharage yao uliyachukua mali kauli kama ulivyozoea: wanakupimia leo, unawapelekea wenye malori, ukilipwa unawalipa. Miaka yote hakuna aliyekosa chake kwako. Msimu ule mwenye lori akalipa nusu, nusu nyingine akasema kesho, na hiyo kesho simu yake haikupatikana tena. Kisha ukaugua. Daftari nilikuwa naliandika mimi, kwa hiyo hakuna aliyejua ni akina nani na ni magunia mangapi. Ni wewe, mimi, na wao wenyewe.

Siku ya kukuzika watu walijaa mpaka kwenye migomba ya jirani. Mchungaji alikusema vizuri, nikalia. Udongo ulipokwisha kushindiliwa, baba mdogo Projesti akasimama kwa niaba ya ukoo, akauliza kama inavyoulizwa kila msiba: anayemdai marehemu aseme, na anayedaiwa na marehemu naye aseme, tusije tukasumbuana huko mbele. Lakini kabla hajawageukia watu akanigeukia mimi, kwa sababu ya daftari. "Wewe ndiye ulikuwa naye dukani. Ndugu yangu anadaiwa?"

Niliwaona, Tata. Walikaa pamoja upande wa chini, kwenye majani makavu ya migomba, Mama Paskazia mbele. Walikuja kwa miguu, wakaleta mikungu ya ndizi na maharage ya kuwapikia waombolezaji. Maharage, Tata, na ya kwao hatujayalipa. Mama Paskazia aliniangalia akaniitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayemtia moyo mtoto aliyepewa somo la kusoma kanisani.

Nikasema, "Hadaiwi."

Hapa kwetu unajua ilivyo. Familia ikishasema kaburini kwamba marehemu hadaiwi, atakayenyoosha mkono baada ya hapo amemwita marehemu mwizi na udongo wake bado mbichi. Nilijua hivyo wakati nafungua mdomo. Nilijua hawatanyoosha. Mzee mmoja nyuma akasema, "Huyu kaondoka mweupe," watu wakaguna kukubali. Wale saba wakainama. Baadaye niliwaona wakiosha masufuria yetu.

Nimekuwa nikijiambia kwamba nililinda jina lako. Si kweli. Nilifikiria fremu ya Nkwenda, kile chumba cha duka lako. Baba wa hawa watoto yuko machimboni, anatuma akikumbuka, na hakumbuki sana. Pale pale kaburini nikapiga hesabu: nikiwataja, fremu inauzwa, nisipowataja, inabaki, watoto wanakula. Nilikuwa nakulilia na ninahesabu kwa wakati mmoja. Hilo ndilo linaloniamsha.

Matanga yalipokwisha nikafungua duka. Leseni ina jina lako, TIN ina jina lako, mashine ya risiti ina jina lako. Sikwenda popote kusema kwamba umefariki. Niliona nikikaa kimya na mambo yatakaa kimya. Kumbe kodi iliendelea kukadiriwa kama vile bado umesimama nyuma ya mizani. Barua ya kwanza niliiweka chini ya gunia. Ya pili ilikuja na riba na adhabu, nikailaza juu ya mwenzake.

Halafu akaja afisa wa mapato mwenyewe, dada mmoja ambaye nadhani nimemzidi umri. Akauliza mwenye biashara yuko wapi. Nikasema amesafiri. Anarudi lini? Nikasema hatujajua. Ndiyo, Tata, nilikusafirisha. Akaja mara ya pili, nikasema bado. Mara ya tatu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu mzee amekwenda wapi muda wote huo?" Nikiwa bado natafuta mji wa kukupeleka, Koku, aliyekuwa anapanga mawe ya mizani sakafuni, akasema bila kuinua kichwa, "Babu yuko nyumbani. Amelala kwenye migomba."

Mama aliyekuwa amekuja kupima mahindi akaziba mdomo na kitenge, mabega yanacheka. Yule dada akaweka kalamu chini. Angenifokea ningejitetea. Hakunifokea. "Pole kwa msiba," akasema. "Sasa mbona umemweka safarini?"

Nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Alikaa kwenye gunia akanieleza polepole, mara mbili, maana mara ya kwanza sikusikia kitu. Kifo kitolewe taarifa. Mmoja wetu aende Mahakama ya Mwanzo apewe usimamizi wa mirathi. Kodi ya siku ulizokuwa hai italipwa na mali uliyoacha. Ya baada ya hapo ni yangu, kwa kuwa muuzaji nilikuwa mimi, na ninaweza kuandika barua niombe kulipa kwa awamu. Wakati anaondoka akamwambia Koku, "Asante, bibi mdogo, wewe umenisaidia." Mtoto akafurahi. Mimi nikaenda kukaa nyuma ya duka.

Ukoo ulinipitisha mimi, kwa kuwa mambo ya duka nilikuwa nayajua. Mahakamani karani akanipa fomu. Juu unaandika mali, chini unaandika madeni, halafu unaapa kwamba yote uliyoandika ni kweli. Baba mdogo alikuwa pembeni yangu. "Andika kodi tu. Hayo mengine tuliyamaliza kaburini."

Nikaandika kodi. Chini yake mistari ikabaki mitupu. Usije ukanisifu, Tata. Mimi niliogopa kiapo tu, na hakimu aliyekuwa anapita mlangoni. Nikamwambia karani naomba niende nayo nyumbani. Baba mdogo akaniuliza, "Fomu unaipeleka wapi?" Nikasema, Songambele.

Nilimkuta Mama Paskazia anapura maharage uwanjani na wenzake wawili. Hakuacha kupura. "Aa," akasema, "mtoto wa mzee asiyedaiwa. Karibu." Nikapiga magoti nikawaamkia. Akaitikia, maana ni mtu mzima, hawezi kuacha kuitikia. Kisha akasema, "Tunakuona unapita na pikipiki, unaangalia mlima. Tukasema labda mtoto wa mzee shingo inamuuma." Wenzake wakacheka. Nikaacha wacheke.

Nikafungua daftari nikasoma majina yote, na cha kila mtu. Nilipofika kwake akanikatiza. "Langu si magunia matatu. Ni matatu na debe." Nikaangalia, debe halipo. Akanikumbusha ilivyokuwa: mvua ilikuwa imeanza, nikakimbilia nguo za mtoto kwenye kamba, debe likamiminwa bila kuandikwa. Ni kweli kabisa. Nikaliandika pale pale. Lile debe alilinyamazia muda wote huo.

Nikasema nimekuja kuomba msamaha, na hela zao zitalipwa. Hapo ndipo alipoweka fimbo chini.

"Hela tutapokea," akasema. "Lakini wewe hujui ulichofanya. Waume zetu walikuwa pale. Walisikia hadaiwi. Wakarudi nyumbani wakatuuliza, kama mzee hadaiwi, hela za maharage mmezila na nani? Adera alifukuzwa. Amelala kwa kaka yake mwezi mzima, na mtoto ananyonya."

Adera alikuwa mmoja wa wale wawili. Alikuwa anaokota punje zilizoruka nje ya turubai, moja moja.

Tata, mimi nilidhani nimewanyima hela. Sikujua kama nimewaingilia mpaka ndani ya nyumba zao.

"Lile neno ulilisema mbele za watu," Mama Paskazia akaniambia. "Lirudishe mbele za watu. Fomu yako jaza baadaye."

Jumapili ibada ilipokwisha tulitoka nje kwenye mnada wa sadaka, zile ndizi na kuku na mayai. Mkungu wa mwisho ulipopata mtu nikamwomba mzee wa kanisa nafasi. Alidhani nina tangazo la kikundi. Nikasimama na mdogo mgongoni. Nilikuwa nimejiandikia maneno, lakini karatasi ilikuwa kwenye kanga na kanga imembeba mtoto, kwa hiyo nikasema yaliyokuja.

Nikasema, "Siku ya kumzika baba yangu niliulizwa kama anadaiwa, nikasema hadaiwi. Nilisema uongo. Yeye aliniagiza niwataje, mimi nikakataa. Anadaiwa, na wanaomdai hawajawahi kusema neno baya juu yake." Nikataja jina la kwanza. Nikampandisha mtoto vizuri mgongoni, nikataja la pili. Kila niliyemtaja alisimama. Nilipofika kwa Adera nikasema na zaidi: "Hakula hela yoyote. Hela zake tunazo sisi." Mume wake alikuwa ameegemea baiskeli. Akaangalia matairi.

Hakuna aliyepiga makofi, na ni vizuri. Kuku mmoja aliyefungwa miguu alikuwa anapiga mabawa na kila mtu akamwangalia yeye ili asiniangalie mimi. Baba mdogo akanipita karibu akasema, "Umemfukua ndugu yangu." Hajasema nami tena mpaka leo. Namwamkia, anaitikia, anaendelea na safari yake. Labda siku moja. Labda ana haki.

Basi ndivyo ilivyo sasa. Fomu niliijaza yote, na debe nikalitaja. Fremu imeuzwa kwa yule jirani muuza mabati, mizani imekwenda nayo. TIN yako imefungwa na kodi yako imekwisha, karatasi yake ninayo. Kodi yangu mimi nalipa kwa awamu, kila mwezi naenda na risiti zangu kwa yule dada, na safari hizi naenda kwa mlango wa mbele. Kibanja, hili shamba la migomba la nyumbani, hatukukigusa. Upo ulipo.

Siku za gulio natandika turubai nanunua maharage kidogo kidogo, hela mkononi, kwa jina langu. Mali kauli sichukui. Na wa kunipa hayupo, nisijisifu. Wengine wakipita wanaulizana kwa sauti, ili nisikie, "Huyu si ndiye yule?" Ndiye. Nikirudi nyumbani mgongo unauma, Koku anataka hadithi, nalala kabla yake.

Kilichobaki ni hiki. Hela ya fremu haikutosha. Akina mama wamepata zaidi kidogo ya nusu. Hakimu alisema mali ya marehemu ikishakwisha, mrithi halazimiki kutoa mfukoni kwake, na baba mdogo akaniletea ujumbe kwa mtu kwamba sasa nipumzike. Nilifikiri siku mbili. Nakwambia ukweli, siku ya kwanza nilikuwa nimeshakubali kupumzika.

Juzi nikaenda kwa mtendaji wa kijiji na wale saba. Tukaandika karatasi mpya. Juu yake pameandikwa jina langu, mimi Kemilembe, ndiye mdaiwa. Mama Paskazia akasema, "Kwa hiyo sasa tunakukopesha wewe?" Wakacheka wote, mtendaji naye. Halafu akachukua kalamu akasaini, polepole, herufi kubwa kubwa, na wenzake wakafuata.

Aibu bado ninayo, Tata. Nilidhani nikishasema itatoka, haikutoka. Nimejifunza kwenda nayo sokoni.

Nakuahidi hivi. Kila msimu wa maharage nitapeleka Songambele nilichopata, nikianza na Adera, hata kama ni kidogo cha kuchekwa. Nitapeleka mwenyewe, sitatuma mtu. Na watoto hawa sitawafundisha kusema mtu amesafiri.

Mdogo ameamka, ananivuta nywele. Niombee kama huko mnaruhusiwa. Usinitetee kwa mtu yeyote, niombee tu.

Kwa heri, Tata. Jumamosi nakwenda Songambele na hela ya kwanza.

Mwanao,
Kemilembe