Mng'aro wa Vyungu Vyako

Mpendwa shangazi,

Shikamoo. Usinicheke mwandiko.

Unaikumbuka ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka ya Kiomboi yakajaa ndoo na bakuli za plastiki? Vyungu vyako vikawa vinakwenda mnadani na kurudi vyote, nawe ukirudi navyo umenuna. Ndipo mchuuzi mmoja wa Itigi alipokufundisha kusaga vile vibamba vya ndani ya betri kuukuu za gari, uchanganye na maji ya udongo, upake kabla ya kuchoma. Weee! Vilitoka vinameremeta kama vimepakwa samli. Wateja wakarudi, ukaanza kutembea kwa maringo. "Waje sasa hao wa plastiki," ukasema.

Kikombe kilichong'aa kuliko vyote ulimpa Yona, kitindamimba wako. Togwa yake iliyochachuka ililala humo, akiamka anywe. Wewe ulibaki na kibuyu chako.

Kisha Yona akaanza kusokotwa na tumbo, akapauka, mikono ikalegea. Alipotutoka, ulimgeukia mama yangu mbele ya waombolezaji wote: "Wifi, umemroga mwanangu, sasa umeridhika?" Hukukanyaga tena kwetu. Hata kanisani hukumpa mkono. Umeingia kaburini na neno hilo.

Shangazi, jana nilikuwa Singida mjini, sisi wafinyanzi tunafundishwa kupaka vyungu dawa ya kung'arisha isiyo na madini ya risasi. Mimi na mdomo wangu, nikanyoosha mkono nijisifie utaalamu wako wa betri. Mwalimu akanikatiza. "Hiyo ni risasi, dada. Ni sumu. Kitu kichachu kikilala humo kinaitoa. Kuna mtoto aliyetumia vyombo hivyo?" Akazitaja dalili moja moja, utadhani alikuwepo kitandani kwa Yona. Nikakaa sakafuni.

Hakuna tena wa kumpima Yona, najua. Lakini moyo wangu umeshajua. Nakukasirikia, nakuhurumia, vyote kwa pamoja. Ulimpa kizuri kuliko vyote ulivyokuwa navyo.

Leo asubuhi nimemweleza mama. Amezeeka, masikio mazito, nikarudia na kurudia hadi akaelewa. Nilidhani atamshukuru Mungu kwamba jina lake limesafishwa. Akajifunika khanga usoni, akalia sana, kisha akauliza, "Sasa wifi yangu nani atamwambia?"

Nikamwambia nitakuandikia.

Pumzika, shangazi.

Mimi, binti wa kaka yako