Sahani Isiyoliwa na Mtu

Mpendwa Bibi Sabina,

Naomba msaada wako, na kama inawezekana unijibu kabla ya mkesha wa Krismasi, kwa sababu baada ya hapo jibu lako halitanifaa kitu. Mimi ni mwanamke mzima, nina mume na binti mmoja, nauza miwani katika duka moja hapa mjini Poznań, na sijawahi kuandikia gazeti hata kulalamikia tramu, lakini hili lililonipata mume wangu analiona dogo, na dada sina.

Mama yangu alifariki majira ya baridi ya mwaka juzi. Baba ana miaka sabini na kitu, anaishi peke yake ng'ambo ya Bustani ya Wilson, na zamani alikuwa anakula kwetu kila Jumapili, lakini tangu mwaka jana Jumapili zake zimepata mwenyewe. Anakwenda kwenye jumba la mitende, lile la vioo lenye joto ndani ya bustani hiyo. Anakata tiketi, anavua koti, anakaa kwenye benchi lililo chini ya mgomba mpaka watu watangaziwe kuwa jumba linafungwa. Ungemjua baba yangu ungeelewa kwa nini hilo peke yake lilinitia wasiwasi, maana aliyelipenda jumba lile ni mama. Nilipokuwa mtoto nyumba yetu ilikuwa haipati joto sawasawa, basi siku za baridi kali mama alikuwa ananipeleka kule, tunaingia kutoka kwenye theluji, tunavua makoti na soksi za sufu, tunakula mkate wetu wa jibini kwa kujificha nyuma ya mitende, na mama ananiambia, "Haya, tumefika likizo." Baba hakuja hata siku moja. Alisema hawezi kulipia jasho wakati kiwandani analitoa bure. Mama alimbembeleza miaka na miaka mpaka akanyamaza, na sasa mama hayupo ndipo baba amegeuka mpenzi wa migomba.

Nilijikausha, nikasema mzee ana upweke, mwache. Halafu mwanzoni mwa mwezi huu nikaenda kununua mkate, na Bi Walentyna, anayeuza pale na anayejua mambo ya mtaa mzima kabla wenyewe hawajayajua, akanikabidhi mkate bila kuuachia.

"Nimemwona baba yako kwenye uwanja wa barafu," akasema. "Pale karibu na soko la Krismasi."

"Baba haendi kwenye barafu. Ana goti."

"Goti lilikuwepo. Lilikuwa limevaa viatu vya kutelezea. Na alikuwa ameshikana mikono na mama mmoja wa kofia nyekundu."

"Labda alikuwa anamzuia asianguke."

"Nani anamzuia nani?" akasema Bi Walentyna, na watu wa nyuma yangu wakacheka, na mimi nikatoka na mkate wangu bila kuchukua chenji.

Jumapili iliyofuata nikamwambia mume wangu, Gracjan, kwamba nakwenda kumtazama rafiki mgonjwa, nikamfuata baba. Najua utanisema, nisikilize kwanza. Nilisimama nje nyuma ya mti mpaka miguu ikafa ganzi, nikamwona anaingia, nikangoja mpaka nikakadiria amekwisha kukaa, nikaingia kimyakimya nikiwa nimejifunga skafu mpaka puani. Bibi Sabina, mimi kila siku nawaeleza wateja namna miwani inavyofanya mtu anapotoka kwenye baridi na kuingia penye joto. Nilipiga hatua mbili tu miwani ikajaa ukungu mweupe, nikawa kipofu katikati ya njia, nikaanza kuyapapasa majani, nikasikia sauti ya mwanamke, kubwa, inasema, "Huyu mama ataingia kwenye bwawa la samaki." Mtu akanishika kiwiko, akaniwekea leso mkononi. Nilipofuta miwani na kuivaa tena, mbele yangu palikuwa na kofia nyekundu, na nyuma ya kofia nyekundu palikuwa na baba amekaa kwenye benchi na shati la mikono mifupi, ananitazama bila hata kushangaa.

"Vua koti, mwanangu," akasema. "Ukitoka umelowa jasho utaugua."

Huyo ndiye Bi Kornelia. Mjane, alikuwa dereva wa tramu, na anaongea kama bado anatangaza vituo. Nilikaa nao kwa sababu sikujua namna ya kuondoka. Sikuona lolote baya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Baba alisinzia. Juu ya benchi lile maji hudondoka kutoka kwenye vioo, na yule mama, bila kukatisha maneno yake, akachukua kofia yake nyekundu akamwekea baba kichwani. Alinionyesha mkungu mdogo wa ndizi waliokuwa wanauchunga wote wawili tangu majira ya joto. Nilitikisa kichwa kama mteja asiyetaka kununua, nikaaga, na nilipofika nyumbani nikakuta nimekuja na leso yake. Nimeifua na kuipiga pasi, ina maua ya zambarau pembeni, iko kwenye droo ya vijiko na sijui niirudishe kwa namna gani.

Sasa nifike kwenye shida yenyewe. Jumatano baba alikuja kula, akamaliza supu, akafuta mdomo.

"Mkesha wa Krismasi tutakuwa na mtu mmoja zaidi," akasema.

"Nani?"

"Unamjua. Ndiye aliyekuzuia usiingie kwenye bwawa la samaki."

"Baba, meza haitoshi."

"Meza inatosha. Kuna sahani moja mezani hapa kila mwaka hailiwi na mtu."

"Hiyo ni ya mama."

Hapo Gracjan akakumbuka kwamba ana sigara za kuvuta nje. Baba akawa anazungusha kijiko, nikadhani ameelewa.

"Mama yako alikuwa na sahani yake," akasema mwishoni. "Ile iliyomeguka ukingo. Hii tupu ya mkesha alikuwa anaiwekea mgeni, huenda akabisha hodi."

"Mgeni ni mgeni, Baba. Si mtu unayeteleza naye kwenye barafu mbele ya mji mzima."

"Basi usisumbuke. Kornelia ana jiko dogo lakini ana viti viwili. Tutakula kwake."

Alisema hivyo bila hasira, akavaa koti, akambusu binti yangu, akaondoka, na namjua, hatabadilisha neno.

Kwa hiyo nimekwama. Nikikubali, nitakaa usiku mzima namtazama mwanamke mwingine anakula mahali pa mama. Nikikataa, baba yangu hatakuwa mezani kwangu mkesha wa Krismasi kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, na sijui imebaki mikesha mingapi. Na hata nikikubali, kuna ule mkate mwembamba wa baraka tunaogawana kabla ya kula. Lazima nisimame mbele yake, nivunje kipande cha wake naye avunje cha wangu, nimtakie jambo jema nikiwa namtazama usoni. Nitamtakia nini? Na juu ya yote baba ameshaagiza samaki aliye hai kabisa, wa kuwekwa kwenye hodhi letu la kuogea mpaka siku yake, kama enzi za mama, na mama ndiye aliyekuwa akimuua, mimi siwezi, Gracjan siku hiyo hupotea, na baba anasema nisiwe na shaka, Kornelia ana mkono mzuri wa kazi hiyo. Niambie nifanye nini.

Ni mimi,
Muuza Miwani, mtaa wa Łazarz

*

Mpendwa Muuza Miwani,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa huruma na ya pili kwa hasira kidogo. Nitaanza na huruma kabla haijaniishia.

Mama yako alimwomba mumewe Jumapili moja tu ya kukaa pamoja kwenye joto, hakuipata. Sasa mwanamke mwingine anazipata zote. Hilo linauma, na sitakwambia haliumi. Baba yako alikosea. Ila rudi kwenye barua yako mwenyewe uisome polepole. Mzee aliyelidharau jumba lile maisha yake yote haamki tu siku moja akapenda migomba. Mkewe amekufa, majira ya baridi ya kwanza yamekuja bila yeye, nyumba imekuwa kimya, na mzee ameenda kukaa wapi? Kwenye benchi la kule ambako mkewe alimwita miaka na miaka. Alikwenda kumtafuta mama yako, mwanangu. Alichelewa, na nadhani anajua kuliko wewe kwamba alichelewa. Alimkuta mtu mwingine amekaa pale, mjane naye, huenda na yeye alikuwa anamtafuta wake. Mwulize baba yako siku moja. Usimwulize mezani, mwulize mkiwa wawili.

Huruma imeisha.

Kwanza, kumpeleleza mzazi ni aibu. Kumpeleleza kwenye jumba la joto mwezi wa Desemba ukiwa umevaa miwani, na miwani ndiyo riziki yako, hilo nakuachia wewe na wateja wako. Kwa Bi Walentyna nunua mkate, maneno yake umwachie mwenyewe. Mzee mwenye goti bovu anayeingia kwenye barafu akatoka mzima ni wa kushangiliwa. Ungependa awe wapi, dirishani anahesabu magari?

Pili, hiyo sahani. Najua wako wanaosema sahani tupu ya mkesha ni ya marehemu, na wako wanaosema ni ya mgeni atakayebisha hodi, na kila nyumba inajua ya kwake. Ya kwenu ilikuwa ya mgeni. Mama yako ndiye aliyeiweka na ndiye aliyejua anaiweka kwa ajili ya nani. Wewe umembadilishia mama yako nia akiwa hawezi kukujibu, kwa sababu kiti kitupu ni rahisi kukaa nacho, hakina sauti ya dereva wa tramu. Nimeandika safu hii mpaka nywele zimeota mvi. Kila Desemba napokea barua za watu wanaoweka sahani ya mgeni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kwamba mgeni alitokea kweli. Wewe ni wa kwanza, na unaniuliza namna ya kumfukuza.

Unasema utamtazama anakula mahali pa mama. Hapana. Mahali pa mama yako ni penye ile sahani iliyomeguka. Itoe kabatini, ioshe, itumie wewe mwenyewe usiku huo, uile supu yako ya bitiruti ndani yake. Utalia kidogo. Lia, hakuna atakayeshangaa, mkesha wa Krismasi kila nyumba ina mtu anayelia jikoni.

Kuhusu ule mkate mwembamba, utamtakia afya. Sisi sote tukikosa la kusema tunatakiana afya, na ukifikiri vizuri, mwanamke anayemshika baba yako mkono kwenye barafu unamtakia afya kwa moyo mmoja kabisa. Akikutakia nawe jambo, pokea, usitikise kichwa kama mteja.

Samaki mwache Bi Kornelia amshughulikie. Kila ukoo unahitaji mtu mmoja wa kazi hiyo na ninyi mmekuwa hamna tangu mwaka juzi. Ila msimpe binti yako nafasi ya kumbatiza jina samaki huyo, maana mtaishia kula mkate mtupu. Gracjan naye mwambie mwaka huu sigara zake zisubiri, ashike ndoo.

Sasa la kufanya. Usimtume mtu, usipige simu. Jumapili hii nenda kwenye jumba la mitende ukiwa umevua miwani mlangoni na kuiweka mfukoni mpaka ipate joto. Mpeleke binti yako, na mkate wa jibini wa kula kwa kujificha. Kaa kwenye lile benchi, tazama huo mkungu wao wa ndizi, uliza unaendeleaje, usikilize jibu lote hata likiwa refu. Halafu umwambie Bi Kornelia kwa mdomo wako, baba yako akisikia, kwamba siku ya mkesha nyota ya kwanza ikionekana, saa ya kuketi mezani, unamngoja kwako. Leso usimrudishie siku hiyo. Akiiulizia, sema iko nyumbani.

Mkesha ukifika, tandika meza kama alivyokuwa akiitandika mama yako, na sahani ya mgeni mahali pake pa siku zote. Kisha ile leso uliyoipiga pasi itoe kwenye droo ya vijiko, ikunje, iweke juu ya sahani hiyo kabla hawajafika. Usitoe hotuba. Ataingia na kofia yake nyekundu, ataongea kwa sauti kubwa kwa sababu ana hofu, atatazama meza nzima akitafuta akae wapi, na ataona kitu chake kimekwisha kukaa.

Bibi Sabina